Saa Niliyompa kwa Mkono Wangu

Mpendwa mshauri,

Ukurasa wako nimeusoma tangu nikiwa kazini, tulikuwa tunapokezana gazeti kwenye chumba cha wakunga huku tukicheka shida za watu, na leo zamu imenifikia mimi, kwa hiyo naomba msaada wako na tafadhali usinionee huruma.

Mimi ni mkunga mstaafu, nina miaka sitini na sita, mjane huu mwaka wa tatu, na Mungu alinipa mtoto mmoja tu wa kiume, karani wa bima, mtu wa bidii na anayenijali sana, hilo naomba uliweke akilini kwa sababu nitakayoyasema huko mbele yanaweza kumfanya aonekane vingine. Mwaka huu alitulipia safari ya siku tisa kwenye meli ya kitalii, mimi, yeye na mkewe, amedunduliza miaka miwili, akaniambia mama umezalisha wake za watu miaka thelathini na nne bila kupumzika, sasa na wewe utandikiwe kitanda, uletewe chai.

Nilipewa chumba cha peke yangu, kidogo, bafu humo humo, dirisha la duara lisilofunguka, na wao walikuwa mlango wa pili, na mhudumu aliyepangiwa vyumba vyetu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, sauti ya chini, kutwa anasukuma toroli la mashuka na taulo kwenye korido. Siku ya kwanza aliniona ninavyoshika ukuta nikiingia bafuni kwa sababu ya goti langu, hakuuliza kitu, niliporudi kutoka kula nikakuta kigoda cha plastiki chini ya bomba la mvua na mkeka wa mpira sakafuni. Siku ya pili bahari ikachafuka nikatapika mpaka nyongo, mwanangu na mkewe nao wako hoi, na huyu mtu ndiye aliyekuwa akigonga kila baada ya muda na biskuti kavu na tofaa lililokatwa vipande, akabadilisha shuka mara tatu bila kukunja uso, na mimi niliyefuta uchafu wa watu maisha yangu yote naujua uso wa anayefanya hivyo kwa amri na uso wa anayefanya kwa moyo.

Nilipopata nafuu tukaanza kuzungumza, akaniambia mkewe amejifungua pacha, wana miezi minne, yeye hajawatia machoni isipokuwa kwenye simu, na wa pili alitanguliza miguu. Nikamweleza mtoto wa namna hiyo anavyotolewa, hatua kwa hatua, akawa anasikiliza ameukumbatia mto kama mwanafunzi wa uuguzi. Tangu siku hiyo nikawa namwita Baba Pacha, na yeye ananiita mama.

Sasa mshauri, kwenye meli hizo kuna ada ya huduma inayokatwa kila siku kwenye hesabu ya msafiri, ndiyo bakshishi yenyewe, wahudumu wanagawana. Siku ya sita mwanangu alikwenda kaunta ya wageni akajaza fomu akaiondoa kwa vyumba vyote viwili, akatuambia mezani, tena kwa utulivu kabisa, kwamba hawa wana mshahara wao na kwamba yeye hajawahi kuona mteja akimpa bakshishi kwa kumjazia fomu ya bima. Mkwe wangu aliangalia sahani yake, na mimi nikaangalia yangu. Kadi yangu ya benki mwanangu alikuwa ameniambia niiache nyumbani isije ikaibwa, kila nilichotaka nilimwomba yeye, hata soda, na mkobani nilikuwa na leso, miwani na sarafu chache zisizonunua kitu.

Kitu cha thamani kilichokuwa changu ni kimoja, saa ya mkono ya marehemu mume wangu, ya kutia ufunguo kwa vidole, nilisafiri nayo ndani ya soksi kwa sababu tangu aondoke sipati usingizi bila kuisikia ikigonga. Siku ya nane mchana Baba Pacha alipoleta taulo nikamwekea mkononi. Akakataa. Akaniambia mama hiki ni kikubwa, na utaratibu wetu ni kwamba zawadi kama hii iandikiwe barua na aliyeitoa, msimamizi wangu aione. Nikamwambia barua nitakuandikia kesho, wewe pokea, mtu haurudishi mkono wa mama. Akaipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi ya kushuka mkwe wangu alikuwa ananisaidia kufunga sanduku, akauliza saa ya baba iko wapi, mwanangu akasikia akaja. Kumbe tangu siku ya msiba alikuwa akijua saa ile ipo siku itakuwa yake, hajawahi kuniomba, lakini alikuwa akijua. Nilipouona uso wake nikasema sijui, niliiacha hapo mezani. Neno hilo lilinitoka kama chafya.

Kabla sijakaa vizuri ameshafika kaunta. Wakaenda kupekua huko chini wanakolala wahudumu wawili wawili, saa ikakutwa kwenye droo ya Baba Pacha, imeviringishwa ndani ya fulana. Tukaitwa kwenye kiofisi chenye meza ya chuma na viti vinne, yupo ofisa usalama, mama wa makamo, yupo msimamizi wa vyumba, na Baba Pacha amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Alikuwa ameshawaeleza kwamba amepewa. Ofisa akanigeukia kwa heshima zote.

"Mama, saa hii ulimpa wewe?"

Mwanangu amekaa kando yangu, bega lake linagusa langu.

"Sikumbuki," nikasema.

Ofisa akaniomba nijaribu tena, nisiwe na haraka, nikamjibu kwamba umri umekwenda na siku hizi nasahau mambo. Mimi ambaye mpaka leo nakumbuka uzito wa watoto niliowapokea. Baba Pacha hakubisha wala hakuapa. Aliniangalia mara moja, halafu akamwambia msimamizi wake, "Mama amechoka. Mwacheni aende, basi lao linasubiri."

Hiyo ni wiki ya tano sasa. Kampuni ilimwandikia mwanangu kumwomba radhi na kumjulisha kwamba mhudumu ameachishwa kazi na kushushwa bandari iliyofuata. Mwanangu anakuja kwangu kila Jumapili mchana, tunakula, na saa iko mkononi mwake, nilimpa nilipoona sina tena haki ya kulala nayo. Nimefikiria kumtumia Baba Pacha fedha kutoka kwenye pensheni yangu kimya kimya, bila jina, kupitia kwa wakala aliyemwajiri. Naogopa mwanangu akijua atasema nilimthamini mtu baki kuliko yeye, na kwamba nilimwacha amsingizie asiye na hatia huku nikijua, na maneno yote mawili yatakuwa kweli. Je, hizo fedha zitatosha? Na kama hazitoshi, nianzie wapi bila kumpoteza mtoto wangu wa pekee?

Wako,
Mkunga mstaafu

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama mkunga, shikamoo.

Umeniomba nisikuonee huruma, na nitajitahidi. Hazitoshi. Tena usithubutu kuzituma. Mtu aliyefukuzwa kwa wizi akipokea fedha zisizo na jina, siku fedha hizo zikijulikana watu watasema huo ndio mgawo wake. Utakuwa umemchafua mara ya pili, na safari hii kwa hiari yako.

Tuite mambo kwa majina yake. Hukusahau, ulisema uongo: mara ya kwanza chumbani, mara ya pili ofisini, na ya tatu uliposingizia umri. Ya kwanza nakuelewa. Mwanamke aliyezalisha wenzake miaka thelathini na nne akijikuta anaomba ruhusa ya kununua soda, ujasiri humtoka hata kabla hajaulizwa swali. Pole kwa hilo, na mwambie mwanao kadi yako hailindwi kwa kuachwa nyumbani. Lakini ya pili uliisema mbele ya mtu aliyekufulia matapishi, amesimama, anasubiri neno moja kutoka kwako. Mwanao ana kosa la ubahili na la pupa. Kosa la uongo ni lako peke yako, usimtwishe.

Tena barua ulimwahidi. Yeye alikuwa ameshakuonyesha njia ya kumlinda, ukamwambia kesho.

Na kuna jambo hujaliona bado. Ile saa si yako. Ulipoitoa na mwenzio akaipokea, ikawa yake. Hukuwa na uwezo wa kumpa mwanao. Kila Jumapili anakaa mezani kwako amevaa mali ya mtu mwingine, hajui, na wewe unampakulia.

Nimemuuliza mama mmoja aliyefanya kazi ya vyumba melini miaka kumi na moja, sasa ana duka lake la dobi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mhudumu huishi kwa mkataba hadi mkataba, na neno wizi likiingia kwenye faili lake, wakala hamchukui tena na wakala wa pili humuuliza wa kwanza. Baba Pacha hahitaji hisani yako. Anahitaji ushahidi wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si kesho, andika ukurasa mmoja: namba ya chumba, tarehe, saa hiyo ya mkono ilikuwaje, ulimpa kwa hiari yako, alikutaka uandike barua nawe hukuandika, na ulipoulizwa ulidanganya. Usiweke habari za goti wala za ujane, si wakati wake. Nenda kwa wakili ukaape na kutia sahihi mbele yake. Nakala moja iende kwa kampuni ya meli, nyingine kwa wakala wa ajira, na ya tatu kwa mhudumu mwenyewe kupitia kwa wakala huyo, pamoja na saa.

Kabla bahasha haijaondoka, mwambie mwanao. Asije akalipata jambo hili kwa barua ya kampuni kama lile la kwanza. Mwambie umekaa naye, mlango umefungwa, mkewe awepo ili mwanao asije akaibeba siri peke yake. Unaogopa kumpoteza. Mama, mtoto mwenye mke na kazi hapotei kwa kuambiwa ukweli, hununa. Mnuno wa mtoto umeuona maelfu ya mara, hujawahi kuona ulioua.

Na ninyi wengine mnaosoma hapa huku mnacheka, mkipanda meli ile ada iacheni ikatwe. Yule wa dobi ananiambia humo wamo waosha vyombo na wafua mashuka ambao hamtawaona hata siku moja. Mtu akikugusa moyo, mpe cha ziada mkononi, na hata kama huna kitu, andika jina lake kwenye fomu ya maoni na useme alichofanya, maana karatasi hiyo ina uzito siku mkataba unapohuishwa. Ukitoa kitu cha thamani, kiandikie barua siku hiyo hiyo, utie sahihi, msimamizi aone. Zawadi isiyo na maelezo ni mzigo unaomtwisha mwenzio ukiuita shukrani.

*

Nyongeza. Jibu hili nilimsomea mama mkunga kwa simu kabla ya kulichapa, na sasa linatoka kwa ruhusa yake, miezi mitatu baadaye.

Alikwenda kwa wakili keshokutwa yake. Kisha siku ya kazi, jioni, akamwita mwanawe pamoja na mkewe. Anasema kijana alisikiliza bila kumkatiza, akauliza swali moja tu, kwa nini hukuniambia pale pale. Akamjibu, "Nilikuogopa." Mkwe wake aliinua kichwa. Kijana akaivua saa, akaiweka mezani, akaondoka bila kunywa chai. Jumapili mbili hakuonekana. Ya tatu alikuja, akaichukua saa, kesho yake akaipeleka posta mwenyewe, na kwa kuwa ni karani wa bima, akaikatia bima. Ile ada ya vyumba viwili ameirudisha kwa kampuni, hakumwambia mama yake, mama alisikia kwa mkwe. Mazungumzo yao bado ni mafupi.

Kampuni ilijibu baada ya wiki tatu. Faili limerekebishwa, na wakala ameambiwa anaweza kumpeleka kazini tena. Baba Pacha mwenyewe hajarudi melini. Anafua katika hoteli moja karibu na kwao, na aliandika mistari michache tu: saa imefika, barua imefika. Hakusema amesamehe, na mama mkunga hakumuuliza. Aliomba jambo moja, kwamba apewe nakala zaidi zenye sahihi halisi, moja ya baba mkwe, moja ya kaka yake mkubwa, moja ya mwenye nyumba wake.

Mama mkunga hakutaka fotokopi. Alikaa akaziandika upya kwa mkono, moja moja, akazitia sahihi. Kisha akaandika ya nne, ambayo hakuombwa, kwa mama wa wale pacha. Tatu za kwanza alizimaliza asubuhi. Hiyo ya nne ilimchukua siku nzima.