Nyanya za Mama

Ronge,
Jumatatu asubuhi

Kwa dada yangu Wakesho,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Voi halijakumaliza na kazi inaendelea vyema. Huku sote tu wazima, hata goti la Mama limetulia. Mzima zaidi ni mimi, na hilo lenyewe linanichukiza.

Uliuliza habari za nyanya za Mama. Tuliishia kuzing'oa zote. Ungeyaona majani yake ungegeuza uso: membamba kama kamba za viatu, yamejisokota, na mashina yamevimba na kupasuka. Wala hazikufa upesi. Ziliendelea kukua vibaya, kila jani jipya baya kuliko la jana. Kuyashika tu niliona kinyaa.

Linet, yule afisa wa kilimo, alitueleza kwamba mmea una homoni zake zinazoliambia jani lipanuke wapi na likome wapi. Dawa ya magugu tunayopiga kwenye mahindi, akasema, inaiga homoni hizo. Mahindi huistahimili, lakini nyanya ikipata hata kidogo, jani hukua ovyo bila kujua pa kukomea, na mmea hujimaliza wenyewe. Alisema huletwa na upepo, au na pampu isiyooshwa vizuri. Kabla hajamaliza nikaonyesha ua wa jirani yetu Mzee Festus, aliyekuwa amepiga dawa mahindi yake wiki ile ile.

Mengine unayajua. Kanisani watu walihama benchi lake. Nawe ukamwandikia mwanawe Lewis kwamba huwezi kuolewa kwa watu wanaoua mazao ya jirani. Nilikusifu. Nyani haoni kundule.

Jumamosi Mzee Festus alikuja na trei mbili za miche. Alimwambia Mama kwamba kama ni upepo uliomponza, anaomba radhi, nyanya zisiwatenganishe watoto. Mama alilia. Mimi nilipokea miche, nikashukuru, nikanywa naye chai.

Wakesho, ni mimi. Nilipiga dawa ya magugu shamba la chini, nikaisuuza pampu kwa maji matupu, halafu nikanyunyizia nyanya dawa ya wadudu kwa pampu hiyo hiyo. Linet alipotaja pampu nilijua, nikanyamaza. Najiona uchafu.

Leo namwambia Mama, kisha naenda kwa Mzee Festus. Sikuombi unisamehe. Mpigie Lewis kwanza, mimi utanijibu ukitaka.

Nisalimie Pauline unayeishi naye. Salamu za Mama sikuletei, maana bado hajui naandika nini.

Ndugu yako,
Solomon