Sauti Yako Msibani Pande

Somanga,
Kilwa.
9 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Kazija,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Bwana Saad na watoto, na kwamba baridi ya Sumbawanga imeanza kupungua. Je, kifua cha Hussen kimetulia? Tangu uliposema anakohoa tumekuwa tukimwombea. Sisi huku tu wazima, kwa kiasi ambacho watu waliotoka kuzika wanaweza kuwa wazima. Bibi, mama yako, anakula uji, anageuzwa kitandani kwa zamu, na macho yake bado yanamfuata kila aingiaye.

Habari za kifo cha Bi Mkubwa Mwanahija, dada wa mama yako, ulizipata kwa simu siku ileile, na hakuna aliyekulaumu kwa kutofika. Maiti haingeweza kukusubiri utoke Sumbawanga mpaka Pande. Nakuandikia kwa ajili ya jambo lililotokea pale msibani, ambalo naamini litakufikia kwa midomo ya watu likiwa limekwisha kuharibika. Nataka ulipate kwangu, tangu mwanzo wake.

Unakumbuka jinsi kiharusi kilivyomchukua Bibi ulimi na upande mzima wa kulia. Wengi waliuhuzunikia mguu. Mimi niliona hasara nyingine. Watoto wa mtaa waliingia wakamwamkia, wakasimama kungoja marahaba yao, haikuja, wakaondoka. Haukupita muda wakawa wanampita pale barazani kama wanavyoupita mtungi. Mtu mzima asiyeweza kuitikia shikamoo, Shangazi, huondolewa miongoni mwa watu angali hai. Ndipo nilipoitoa kabatini ile kompyuta mpakato niliyosomea chuoni.

Jirani yetu Kibwana alinishauri niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilibishana naye. Kompyuta ile haikuwa imekufa, ilikuwa imebebeshwa mfumo endeshi mzito kuliko nguvu zake. Nikaanza kujaribu mifumo myepesi ya Linux, mmoja baada ya mwingine, kwa flashi. Wa kwanza uliwaka upesi ajabu, lakini haukuzitambua spika, nami sikuona maana ya kumpa mtu bubu kompyuta bubu. Wa pili ulitoa sauti, ila kila nikifungua kivinjari uliganda. Wa tatu ukatulia. Humo nikaweka programu ya wavuti iliyotengenezwa kwa ajili ya waliopoteza usemi: mgonjwa anabonyeza kitufe, ukurasa unasema neno. Ukishapakiwa mara moja, unafanya kazi hata bando likiisha, na hapa Somanga hilo si jambo dogo.

Sauti ya ukurasa huo ilikuwa ya mwanamume asiyejulikana kwao ni wapi. Bibi alipobonyeza mara ya kwanza, Kibwana aliuliza tangu lini Bi Batuli ameajiriwa redioni, na Bibi akacheka kwa upande mmoja wa uso. Ndiyo sababu nilikuomba wewe maneno yale kwa simu, kwa kuwa sauti yako na ya mama yako hata Baba Mdogo Alfani hushindwa kuzitofautisha. Ulipotuma “Marahaba, mwanangu,” nilibandika kipande cha kanga ya kijani juu ya kitufe chake. Chekundu nikakiweka kwenye “Waalaykum salaam,” cha njano kwenye “Karibu.”

Baba Mdogo hakupendezwa. Alisema chombo hakina nia, na kuitikia salamu ni wajibu wa mtu mwenyewe. Tena mama yake sasa anaitikia watu kwa mkono wa kushoto. Nilimjibu kwamba nia iko kwenye kidole, si kwenye waya, na kwamba dini ile ile anayoitetea imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali amelala, seuze kuitikia salamu kwa mkono uliobaki. Nilisema mengi na sikuyajutia. Lakini Bibi alikuwa anatusikia. Tangu siku hiyo hakubonyeza kitufe kabla ya kuufunika mkono wake wa kushoto kwa upindo wa kanga, ili mgeni asiuone.

Hata hivyo watoto walirudi. Wengine waliamkia, wakatoka kwa mlango wa uani, wakaingia tena kwa mbele kuamkia upya. Bibi aliwaitikia wote, akajua wanacheza, na akaendelea.

Kisha Bi Mkubwa akaja kutoka Pande kumtazama mdogo wake. Alipokuwa mlangoni aliwasikia watoto wakiitikiwa, akafurahi, akaingia na kusimama mbele ya kitanda. Bibi aliinua mkono. Aligusa kijani, akaacha. Akagusa chekundu, akaacha. Akaanza kuvipapasa vitufe vyote, hata visivyo na kitambaa. Sikuwa nimempa kitufe cha shikamoo. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona Bibi akimwamkia mtu, maana kila tulipokwenda Pande wao wawili walikwisha kuamkiana chumbani kabla yetu, na kichwani mwangu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watu wote.

Bi Mkubwa alisubiri haki yake. Mwisho alisema, polepole, “Watoto wa njiani unawajibu, Batuli. Mimi ndiyo umenichoka?”

Nilimweleza upesi kwamba kosa ni langu. Akatikisa kichwa kukubali, akaketi, akampapasa mdogo wake mguu. Lakini Bibi alikwisha kugeukia ukutani, na hakuugusa uji siku ile.

Ndipo nilipokuomba neno moja zaidi, nawe ukatuma “Shikamoo, dada” huku ukicheka, ukiuliza kama Bibi amepata dada mwingine. Nikaliwekea kipande cha bluu. Bibi alikibonyeza mara nyingi akiwa peke yake, kama mtoto anayejifunza sura mpya. Bi Mkubwa alikuwa ameahidi kuja tena kwa Maulidi. Hakuyafikia.

Tulikodi gari kwenda Pande. Bibi aliishika kompyuta na hakukubali kuiacha. Maiti ilikuwa imekwisha kukafiniwa, uso bado haujafunikwa, na wanawake wa ukoo wameketi kuizunguka. Tukamweka Bibi karibu. Akabonyeza.

“Shikamoo, dada.”

Ilikuwa sauti yako, pamoja na kile kicheko chako kidogo mwishoni ambacho sikujua namna ya kukikata. Wanawake waligeuka kutazama mlangoni. Mmoja aliita, “Kazija, pita huku mwanangu,” na akasogea kukupa nafasi kwenye mkeka. Hilo ndilo watakalokusimulia, na wengine watalifanya kuwa mzaha, au mzimu. Halikuwa hivyo. Alikuwa mdogo mtu anatoa heshima aliyokuwa akidaiwa.

Kilichobaki hawatakusimulia, kwa kuwa hawakukiangalia. Bibi alimtazama dada yake usoni akingoja kuitikiwa. Alingoja kwa muda mrefu. Nani angethubutu kumjibia maiti? Baba Mdogo Alfani alikuwa amesimama kizingitini, nami nikajiandaa kwa maneno yake. Alisema tu, “Mama, amesikia.” Mimi ninayebishana na kila mtu sikumuuliza amejuaje.

Tangu turudi, Bibi hataki kompyuta. Nikiisogeza, anaisukuma. Watoto wakimwamkia, anafumba macho. Nimejaribu kumbembeleza, nimejaribu kumweleza, na maelezo yangu hayana kazi tena ndani ya chumba kile. Mkono wa kushoto nao umeanza kulegea.

Kwa hiyo nakuomba uje, Shangazi, kabla hatujakuita kwa simu nyingine. Ukifika, mwamkie mama yako kama ulivyomwamkia siku zote, kisha keti. Usisubiri kuitikiwa.

Nisalimie Bwana Saad, Hussen, na mdogo wake Idd. Baba Mdogo Alfani na Kibwana wanakusalimu. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mkubwa, akulinde njiani, na atujaalie tukutane Bibi yungali anatutazama.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Twalib