Korosho za Madoa

Jumatano, Oktoba 2005

Eti nikapumzike! Shemeji yangu Hamisi, karani wa ghala, kanitamkia hivyo mbele ya wakulima, kwa kuwa nimetia korosho za madoa kwenye debe la daraja la kwanza. Mimi, niliyechambua korosho hapa Nachingwea miaka kumi na miwili!

"Shemeji, umerogwa," akasema. "Nenda kwa mganga kule Kilimarondo."

Sijarogwa, nina kisukari. Daktari wa macho kule Ruangwa alinieleza juzi: sukari ikizidi kwenye damu inaua seli za neva za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, hata kabla mishipa haijaanza kuvuja. Ndiyo maana madoa hafifu yananipotea. Nikamuuliza kama zilizokufa zinafufuka. Hapana, dawa hiyo bado inatafutwa. Mionzi ya leza wanayopiga machoni kule Dar inazuia mishipa kuvuja tu. Zilizobaki nizilinde kwa vidonge, sukari na presha vishuke.

Naogopa. Hilo naliandika hapa tu.

Hamisi akaniletea chai ya kunipoza, sukari vijiko vinne. Nikaimwaga, waseme sina adabu. Kisha nikafumba macho, nikatia mikono kwenye debe. Korosho mbovu ni nyepesi, ganda limesinyaa, vidole vinaijua. Nikazitoa zote.

Hamisi akamwaga debe zima akague kwa macho yake mazima. Akainua moja yenye doa, anacheka. Nikaipangusa kwa kanga. Lilikuwa vumbi.

"Shemeji," nikamwambia, "kapumzike."