Nilisema ni Maharage

Mbeya, Ijumaa, katikati ya Kwaresima, 1957

Mvua toka asubuhi. Mlima Loleza hauonekani kabisa, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba, na kuni zote zimeloa, zinatoa moshi tu. Naandika haraka haraka, maana najijua. Nikikaa nikafikiri sana nitaanza kujitetea.

Fausta yu hai. Hilo niliandike kwanza.

Fausta ni mtoto wa mume wangu Kalisti, dereva wa lori. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, akalelewa na bibi yake huko Iringa. Mwaka jana baada ya mavuno tulimchukua aje kukaa na sisi hapa mjini, aanze shule. Bibi alitukabidhi mtoto, kifurushi cha nguo na neno moja tu: "Huyu hali karanga." Kalisti akaitikia, "Sawa, mama," kama mtu aliyeambiwa afunge mlango. Kwa nini hali, hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza. Ila neno lile lilibaki kichwani likiniwasha.

Maana mimi nikiambiwa usifanye, nataka sababu. Ndivyo nilivyo. Hata kusoma sikufundishwa na mwalimu. Nilijifunza kwa vipande vya gazeti vilivyofungia chumvi na sukari, namkamata kila mpita njia, hii herufi gani, na hii je? Watu walikuwa wakiniona wanageuza njia.

Basi nikapiga hesabu yangu. Kwetu Wahehe kila ukoo una mwiko wake wa chakula, na mwiko unafuata baba. Ukoo wa Kalisti hawali mbawala. Karanga je? Kalisti anazitafuna njia nzima toka hapa mpaka Makongolosi, akishuka kwenye lori maganda yanamwagika toka mapajani. Sasa mtoto wake atapata wapi mwiko wa karanga? Kwa mama? Haiwezi kuwa. Nikaamua kwamba ni mambo ya bibi tu, pengine aliota ndoto, pengine hakuwa na karanga za kumpa. Nilifurahi kweli kweli nilipofika hapo! Nilijiona mimi ndiye mwenye akili nyumba nzima.

Halafu ikaja Kwaresima. Kalisti akaweka nadhiri, nyama isiingie nyumbani mpaka Pasaka. Maziwa hatuna. Ikawa ugali na maharage, viazi na maharage, mchicha, majani ya maboga, basi, kesho tena. Mimi sikuona shida, lakini Fausta mikono yake myembamba, na kila nikimwogesha nahesabu mbavu. Kwenye darasa la akina mama tukapewa kijitabu cha vyakula. Nikakisoma mpaka kurasa zikalegea. Kimeandika kwamba mtu asiyekula nyama anaweza kujenga mwili kwa maharage, kunde na karanga. Karanga! Niliruka pale jikoni peke yangu kama mwehu.

Jumatano nikamtuma Fausta maji. Nikakaanga karanga, nikazitwanga laini kama unga wa ulezi, nikazichanganya na majani ya maboga mpaka zisionekane.

Hapa ndipo panaponiuma. Kama niliamini kweli hazina madhara, kwa nini sikuzitwanga mbele yake?

Alikula vizuri. Alisema, "Mama mdogo, leo tamu," akafuta sahani kwa kidole. Mimi nimekaa namtazama. Namngoja Kalisti arudi safari nimwonyeshe, unaona, mambo ya kale hayo!

Akaanza kujikuna midomo. Halafu shingo. Vipele vikapanda mpaka usoni, macho yakavimba yakafunga, akatapika, na pumzi ikaanza kupiga filimbi kifuani. Sikuwahi kusikia mtoto anapumua vile. Nikapiga kelele.

Aliyekuja ni Bi Mwanaidi, jirani yangu wa ua mmoja. Ni watu wa pwani, mumewe anauza kanga na vitenge sokoni. Hakuuliza kitu. Alimnyakua mtoto, akamwita mumewe atoe baiskeli, akampakia Fausta mbele, na sisi wawili tukakimbia nyuma kwenye matope mpaka hospitali.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, akatayarisha sindano. Huku anatayarisha akaniuliza, "Amekula nini?"

Nikasema, "Maharage."

"Maharage tu?"

"Na ugali."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Hapana, najua. Watu walijaa pale kwenye benchi wananitazama. Mama wa kambo, mtoto si wake, mtoto amevimba. Nilijua wanavyosema watu. Na Bi Mwanaidi alikuwa pembeni yangu amemshika Fausta miguu, ananiamini kabisa. Ningesema karanga, wangeniuliza kama nilikatazwa.

Sindano ikashika. Pumzi ikarudi kidogo kidogo, macho yakafunguka. Dresa akaniambia, "Maharage asiguse tena huyu." Nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Nikashukuru Mungu, na uongo wangu upo hapo hapo katikati ya sala.

Jana ndiyo nikaona nilichofanya. Fausta anapenda maharage kuliko kitu chochote. Anayala hata ya jana, ya baridi, na kiazi mkononi akienda shule. Nikatoa chungu cha maharage nyumbani, nikampa viazi na chumvi. Nyama hakuna kwa ajili ya nadhiri, maharage hakuna kwa ajili yangu. Hakulalamika. Aliuliza mara moja tu, "Hata mchuzi wake?" Nikasema hata mchuzi. Akala viazi vyake.

Nimemnyang'anya chakula chake kizuri, na kile kilichotaka kumuua nimekiacha kinatembea huru.

Nilisema nitampelekea dresa ukweli leo asubuhi. Asubuhi ikafika, nikasema mvua ipungue kwanza.

Mchana Fausta alikuwa amekaa karibu na moto, mimi nakata vitunguu. Bi Mwanaidi akaingia na bakuli amelifunika kwa ubao. Mpishi huyu mama! Huku kwetu nazi ni shida kupata, basi yeye anatwanga karanga, anakamua tui lake, anapikia mchicha. Sote pale uani tumejifunza kwake.

"Haya, mjukuu wangu," akasema, "nimekuletea kitu laini cha kushushia. Kumbe adui ni maharage! Na walivyokunyima karanga wakati wote huo bure, maskini."

Fausta akalishika bakuli. "Lakini bibi wa Iringa alikataza."

"Bibi wa Iringa atajua nini, mwanangu? Hospitali wamesema maharage. Kula, upate nguvu."

Mtoto akanitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme. Kisu kiko mkononi, machozi ya vitunguu yananitoka, na mdomo wangu, huu unaosema kutwa nzima bila kuchoka, ukafunga. Nilimwona anachovya kidole kwenye lile tui.

Nikalipiga bakuli kwa mkono. Mchicha ukaruka kwenye kanga ya Bi Mwanaidi, bakuli likavunjika kwenye mafiga. Nikamkamata Fausta kidole nikakifuta kwa gauni langu, nikafuta na kufuta mpaka akalia kwamba namwumiza.

"He! We Perpetua, una wazimu?" Bi Mwanaidi amesimama, mchicha unamdondoka kifuani. "Chakula changu kina nini?"

"Ni karanga," nikasema. "Juzi nilimpa karanga. Niliziweka kwenye majani ya maboga, mimi mwenyewe. Maharage hayakuwemo kabisa."

Akatazama vipande vya bakuli, kisha akanitazama mimi.

"Na hospitali ulisema maharage."

"Ndiyo."

"Mimi nimesimama pale, nimemshika mtoto miguu, na wewe unasema maharage."

"Ndiyo, bibi."

"Ningemuua! Kwa mkono wangu huu, na chakula nimekipika kwa mapenzi! Halafu ungenyamaza, si ndiyo? Ungekaa hapo unalia na mimi." Akafuta kanga yake, akatupa mchicha chini. "Msomi! Kila siku kijitabu kinasema hivi, kijitabu kinasema vile. Hicho kijitabu kimemwona Fausta wapi?"

Nikainama kuokota vipande vya bakuli.

Nilifikiri ataondoka aende akatangaze ua mzima. Badala yake akachukua mwavuli wa mumewe nyuma ya mlango wao, akarudi, akasema, "Vaa. Twende ukaseme huko huko ulikodanganyia. Na kusema utasema mwenyewe, mimi sifungui mdomo."

Tukaenda na Fausta. Kwenye benchi walikuwepo watu kama juzi. Nikasema mbele yao, kama mtoto anayesoma katekisimu. Nilitaka dresa anitukane, ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kama maharage alishawahi kuyala kabla, nikasema toka Iringa anakula, hayajamfanya kitu. Akasema basi ale, ila karanga asiguse, hata chembe, na kinu kilichotwangiwa karanga kisitwangiwe chakula chake. Akaongeza, "Angerudi hapa kwa karanga, mimi ningekuwa namtafutia maharage." Akaita mgonjwa mwingine.

Kinu nimekitoa. Nimempa Bi Mwanaidi, nimefua na kanga yake. Yeye amekipokea kinu bila kusema asante na bila kunitukana, akasema tu kwamba kanga nimeifua vibaya, doa la mchuzi halikutoka. Sijui kama tutakaa tena pamoja kuchambua mboga. Nisimlazimishe.

Tuliporudi, tulipofika mlangoni, Fausta akaniuliza, "Kwa hiyo maharage nakula?"

Nikasema unakula, mama, unakula mpaka uchoke.

Hiyo tu ndiyo ilikuwa shida yake. Nikabandika chungu, nikaosha kila kitu kwa majivu na maji ya moto, upawa, sahani, hata kifuniko. Yeye akakaa pale pale karibu na moto akinitazama nachagua maharage. Nilimwonyesha kila nilichotia. Hii chumvi. Hiki kitunguu. Haya ni maji tu. Hakuniomba nimwonyeshe, lakini niliona macho yake yanafuata mkono wangu kila unapokwenda kwenye chungu, na zamani hayakuwa yakifuata.

Hiyo nimeistahili.

Nikaanza kulia. Nilijificha kwenye moshi lakini aliona. Akasogea, akaniwekea mkono begani, mkono ule ule mwembamba, akasema, "Mama mdogo, usilie. Baba akija nitamwambia nilizila mwenyewe. Nitasema niliziiba jikoni ukiwa kisimani."

Kalisti si mtu wa kupiga, lakini mtoto hajui hilo. Au pengine alisikia watu uani. Alikuwa ameshaupanga uongo wake mzuri kabisa, una mahali, una sababu. Amejifunza kwangu, kwa muda mfupi tu.

Na Mungu anisamehe, kabla sijasema hapana, nilifikiri: ungefaa.

Nikasema hapana. Nikamwambia hakuiba kitu, ni mimi niliyempa, na aseme hivyo kwa yeyote atakayemwuliza. Akatikisa kichwa kukubali, lakini najua watoto. Akimwona baba yake amekunja uso atanitetea tu.

Maharage yameiva. Amekula mabakuli mawili, sasa amelala, anapumua vizuri. Nimekwenda kusikiliza mara nyingi, siwezi kujizuia.

Kesho lori la Kalisti linaingia toka Makongolosi. Sitamngoja nyumbani. Nitakwenda kusimama pale wanaposhusha mizigo, hata mvua ikinyesha namna gani, nimwambie yote mbele ya utingo wake na wenzake, kabla hajakanyaga uani kwetu. Fausta asipate nafasi ya kunidanganyia.