Nilihubiri Kupitia Mkalimani

Jumapili usiku, Biharamulo.

Na nani aliniambia niombe mkalimani? Hakuna. Kirundi ndiyo lugha ya mama yangu. Lakini leo nilikwenda kuhubiri Ngara, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, pamoja na wazee wa kanisa, na siku hizi kila mahali watu wanasema wageni warudi kwao. Niliogopa wazee wakumbuke kwamba mimi pia nilitoka Burundi, nikavuka mpaka pale Kabanga. Miaka yote hii nimebatiza watoto wao, nimezika wazazi wao, na bado naogopa.

Baada ya ibada bibi kizee mmoja alinishika mkono, akasema kwa Kirundi kwamba alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nilimtambua kabla hajamaliza. Alikuwa jirani yetu. Nami nikamgeukia mkalimani, nikangoja anitafsirie, kisha nikasema, "Mwambie bibi, Mungu ambariki."

Bibi akaniachia mkono.

"Basi nimemfananisha," akamwambia mkalimani. "Mtoto wetu angenijibu mwenyewe."

Mkalimani akanitafsiria hata hayo, neno kwa neno. Nikamwambia asante.