Kipande cha Mpira Kwenye Kifuniko cha Tenki

Jumamosi. Ukungu haujanyanyuka hapa Njombe tangu asubuhi, na baridi imenikaa kwenye vidole kiasi kwamba nakosea herufi. Nimewasha jiko la mkaa, nimerudishia mlango, na sitaki mtu.

Pikipiki yangu imepona. Hiyo ndiyo habari mbaya ya leo.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu: natibu ng'ombe na nguruwe huko vijijini, Mdandu, Wanging'ombe na njia zote za katikati. Bila pikipiki mimi si daktari, ni mtu tu mwenye mkoba. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechachamaa, maji yaliingia kwenye tenki la mafuta kwa sababu mpira wa kifuniko ulikuwa umelika. Fundi Gaudensi akamwaga mafuta, akasafisha kabureta, akaniambia nitafute kifuniko kipya. Sikutafuta. Nikakata duara kwenye tyubu kuukuu ya gari, nikalibandika ndani ya kifuniko kwa gundi, nikajisifu. Maji hayakuingia tena.

Wiki hiyohiyo pikipiki ikaanza kuzima njiani. Mjini inakwenda vizuri, lakini ukishika njia ya Mdandu, baada ya nusu saa inakohoa, inaishiwa nguvu, inakata. Ukikaa kando dakika kumi, inawaka kana kwamba si yenyewe iliyokusumbua. Nikairudisha kwa Gaudensi. Akabadilisha plagi, akaangalia koili, akafungua kabureta mara mbili, akazunguka nayo mjini. Kwake haikuzima hata kidogo.

Akaniuliza, "Daktari, kuna kitu umegusa mwenyewe?"

Nikamjibu, "Sijagusa kitu."

Sikudanganya kwa makusudi, nilikuwa nimeshasahau. Lakini hilo ndilo swali ninalowauliza wafugaji kila siku: umempa kitu kabla sijafika? Wote hujibu hawajampa kitu, na ukiwabana ndipo wanaikumbuka ile chupa ya dawa ya jirani. Huwa nakasirika, nawafokea. Gaudensi hakunibana, kwa sababu ananiheshimu. Alikuwa ananiheshimu.

Jumatatu moja nikaitwa Mdandu kwa ng'ombe wa mama mmoja mjane, ndama amekaa vibaya tumboni. Pikipiki ikanizimia mara tatu njiani. Nilipofika ng'ombe alikuwa ameshalala, shingo imenyooka chini. Tukamkosa yeye na ndama wake. Yule mama hakulia mbele yangu. Alisema tu asante kwa kuja, akaingia jikoni.

Ile asante niliibeba hadi kwa Gaudensi asubuhi yake. Gereji yake ilitazamana na kijiwe cha bodaboda, na watu walikuwa wamejaa. Nikamjia juu kwa sauti kwamba amenitolea kabureta halisi akaniwekea feki, kwamba ni mwizi, na kwamba ng'ombe wa mjane yuko shingoni mwake. Akasimama na kitambaa mkononi. Nikaondoka nimefura, na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Maneno yakatembea. Angesema mtu mwingine yangeishia palepale, lakini alikuwa amesema Daktari. Mmoja mmoja, madereva wa bodaboda wakahamia kwa mafundi wengine. Mimi mwenyewe nilinunua kabureta mpya, na pikipiki ikaendelea kuzima vilevile. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nikasema basi atakuwa ameharibu na vingine. Mwezi wa tano akafunga gereji, akaenda Makambako, na sasa pale kwake wanauza makava ya simu. Mkewe, Mama Editha, tuko naye jumuiya moja. Tukipeana mkono baada ya sala, hutazama viatu vyangu.

Jumatano hii, nikitoka Wanging'ombe, ikazima tena. Miezi yote hiyo ikizima nilikuwa nakaa kando na kusubiri, sikuwahi kufungua tenki; kituoni hulifungua muuza mafuta. Safari hii nilidhani mafuta yameisha, nikafungua kifuniko. Tenki likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Nikapiga kiki moja, ikawaka.

Nikakigeuza kile kifuniko. Katikati kina kitundu cha kuingiza hewa, maana hewa isipoingia mafuta hayashuki. Kimezibwa. Mpira wangu, gundi yangu, hata makato ya mkasi wangu wa bandeji yanaonekana.

Nilikaa kwenye majani nikaona aibu, kisha nikaubandua ule mpira, nikautia mfukoni.

Leo nimekwenda Makambako. Kilomita sitini, haikuzima hata mara moja. Nimemkuta Gaudensi karibu na njia panda, anaziba pancha za malori kwenye banda la mtu mwingine, yeye aliyekuwa akifungua injini na kuifunga huku anapiga soga. Nikamsalimia kwa Kibena, "Kamwene." Akaitikia kwa Kiswahili, kama anavyomwitikia mteja.

Nikamweleza yote, nikampa ule mpira. Akaugeuzageuza, akaunusa, akauliza niliukata na nini. Nikamwambia. Akasema ni kazi safi, na mpaka sasa sijui kama alikuwa ananicheka. Nikaomba msamaha. Nikamwambia nimeshaungama kwa padri, nimeshamweleza mke wangu, na kwamba akirudi Njombe nitamsimamia. Lori likaingia. Akaurudisha ule mpira kiganjani mwangu, akainama kwenye tairi.

"Ulinisema pale kijiweni, Daktari," akasema bila kugeuka. "Huku Makambako hakuna aliyesikia."

Nikasubiri akamaliza tairi la kwanza, akaanza la pili, nikaelewa kwamba tumemaliza.

Na sasa naandika hapa, na ninajua ninachofanya. Naungama tena mahali ambapo hakuna anayenitazama. Kwa padri niliongea nikiwa nyuma ya pazia, kwa mke wangu tulikuwa chumbani, na ninyi mko kwenye simu zenu, wengi wenu hamjawahi hata kufika Njombe. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo siku ile.

Kesho ni Jumapili. Misa ya kwanza ikitoka, kijiwe kitajaa. Mpira uko kwenye mfuko wa koti. Nimejaribu kuisema hiyo sentensi kwa sauti, hapa peke yangu na jiko, na mara zote nne imenikwama: Gaudensi hakuniibia.

Ni maneno mawili tu. Siku ile nilisema mengi, na hakuna hata moja lililonikwama.