Watwa Waliishi Wapi?

Jumanne, 9 Machi 2004

Nella amerudi na sifuri! Historia, darasa la sita. Swali lilikuwa: Watwa waliishi wapi? Mtoto akaandika: "Gihosha, nyuma ya kanisa, nyumba ya pili." Mtaa wetu, nyumba yetu! Sisi ndio Watwa, angeandika nini tena? Mwalimu Herménégilde kachora duara jekundu, na pembeni kaweka jibu lake: msituni.

Nimefungua daftari lake. Wafalme wana kurasa tisa. Wazungu kumi na moja. Sisi mistari mitatu: wafupi, wawindaji, wafinyanzi, hupenda kucheza ngoma. Basi. Kama wanyama wa mbugani.

Anasema darasa zima lilicheka. Mmoja akamwuliza, we Nella, mukia umeiacha wapi?

Sikula.

Alhamisi, 11 Machi

Nimekwenda shuleni. Mwalimu hakunifokea, hilo niseme. "Mama Nella, usikasirike. Mi sina ubaya na Batwa. Madamu wangu nyumbani hapiki maharage ila mu chungu yenu."

Nikamwambia chungu hicho alikifinyanga mama yangu, Dorothée, aliyeuawa na bomu la vita mwaka jana mwezi wa saba akitoka bondeni kuchukua udongo. Mama alikuwa anaonja udongo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuubeba. Wenye mchanga aliutema, akacheka, akasema huu ni wa kukandikia choo. Msitu hakuwahi kuuona maisha yake yote! Lifundisheni hilo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: programu ya masomo ni programu. Nella aandike jibu sahihi, halafu aombe msamaha mbele ya wenzake, maana alimbishia mwalimu. La sivyo Jumatatu asiingie darasani, na jina lake halitapelekwa kwenye konkuru ya mwezi wa sita.

Konkuru! Bila mtihani huo hakuna sekondari. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuufanya. Mimi niliishia la tano.

Maharage ya chungu anakula. Jina la aliyekifinyanga amelisikia leo, kwangu.

Ijumaa, 12 Machi

Jirani yangu Pascaline, yule wa Uvira, alikuja na chai. Tunakunywa kikombe kimoja, yeye hajali. Wengine hapa mtaani hawathubutu kunywa na Mtwa. Nikamweleza. "Si aandike tu msituni, dada! Mi kwenye karatasi ya wakimbizi niliandika bwana yangu ni mutu mupole." Bwana yake, yule mpigaji! Nilicheka mpaka machozi. Halafu hasira ikarudi palepale.

Nella hakucheka. Alikuwa anafunika upya vitabu vyake kwa magazeti, kana kwamba Jumatatu ni siku kama nyingine.

Jumatatu, 15 Machi

Niko shuleni, nimekaa kwenye ngazi za darasa la sita.

Direktrisi, mkuu wa shule, Madamu Amélie, ametafuta suluhu. Nella aandike "msituni", kisha aongeze "na Gihosha". Msamaha hautakiwi tena. Atapata nusu alama, na leo hii jina lake linakwenda. Aliyasema kwa upole, kama anayetoa zawadi. Nusu! Mama yangu, nyumba yetu, vyungu vyote vile — nusu alama!

Lakini nimeiona orodha ya konkuru mezani pake. Majina yote kwa wino. La Nella kwa penseli.

Wenzake wametoka nje kwa mapumziko. Yeye yuko dawati la mbele, karatasi iko wazi, kalamu ina kifuniko. Robo saa sasa. Mwalimu amesimama mlangoni, juu yangu. "Mama Nella, muambie basi. Neno moja tu. Mutoto huyu ana akili. Apana, musimupoteze." Na ni kweli, ana akili. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi — anasema kweli.

Nella amegeuka.

"Mama, na wewe unataka niandike?"

Nimeinamia daftari hili. Najifanya bado nina jambo la kuandika.